Baharia Hutafutwa kwa Waliobaki Pwani

Hoja iliyochemka mwaka huu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu ni mate. Kijana mmoja ameona tangazo la kampuni ya kupima vinasaba: unatema mate kwenye kichupa, unalipa kwa kadi, unangoja wiki kadhaa, kisha unatumiwa ramani ya asili yako. Anataka tuchange ili apimwe mjomba aliye mkubwa kuliko sote, tujue babu yetu mkuu aliyekuwa baharia alitoka wapi. Wengine wanasema Hadhramaut. Wengine wanasema Siyu. Na shangazi mmoja, ambaye hakuna anayethubutu kumpinga, anaapa kwamba alikuwa Mreno, kwa kuwa mamake alimwambia macho ya mzee yule yalikuwa ya kijivu.

Mimi nimewahi kumtafuta baharia Mreno, na nikampata. Hakuwa wa kwetu. Nilimtafuta kwa niaba ya mjukuu wake, mbali na Mombasa, katika mji uliojaa wajukuu wa wavuvi wa nyangumi. Niliyojifunza huko ndiyo yanayonifanya nisite kuchangia kichupa, na ni haki ya jamaa zangu kuyasikia kabla hawajatoa senti zao.

Sisi tuliokulia Mji wa Kale hatukumjua Mreno kuwa ni mtu. Alikuwa ukuta. Alianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, Waomani wakamzingira ndani yake kuanzia 1696, wakamtoa 1698, na somo la historia likaishia karibu hapo. Mreno kwetu ni mizinga na ushuru. Kwa hiyo nilipofika New Bedford, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, nikaajiriwa kulea wazee majumbani mwao, sikutarajia kwamba Mreno wangu wa kwanza mwenye kuvuta pumzi angekuwa bibi kizee wa miaka themanini na kitu, mfupi, mkali wa ulimi, mtoto wa mfumaji wa kiwandani. Alikuwa mdogo sana wakati wa mgomo wa 1928, wafanyakazi wapatao 30,000 wa viwanda vya pamba vya mji ule walipoacha mashine zao tangu Aprili hadi Oktoba kwa sababu mishahara ilikuwa imepunguzwa. Alikumbuka kwenda na mamake kupanga foleni ya supu. Mizinga hakuwa nayo.

Nilimwita Bibi, naye akaniita mwanangu kwa Kireno chake cha visiwani. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia na kumkumbusha dawa. Kuzungumza hakukuwa katika mkataba, lakini majira ya baridi ya kule ni marefu, na mtu mzima hawezi kuutazama ukuta kutwa nzima. Siku moja akaniagiza nimteremshie bati la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na rozari, picha, jino la nyangumi lililochongwa meli, na karatasi zilizokunjwa hadi zikachanika kwenye mikunjo.

Hadithi ya ukoo wake ilikuwa tamu. Babu yake mzaa baba alikuwa nahodha. Alitoka kisiwa cha Faial, katika visiwa vya Azori. Meli yake ilibanwa na barafu kaskazini ya mbali mwaka 1871, akawaokoa watu wake wote, kisha akarudi New Bedford akajenga nyumba. Bibi alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kujua kijiji alikozaliwa nahodha huyo, ili mjukuu wake aliyekuwa akipanga kwenda Ureno apeleke mshumaa kanisani. Wanawe walikwisha kujaribu kulitafuta jina lake, wakakata tamaa. Kwa kuwa mimi nilikuwa na siku ya mapumziko katikati ya wiki na nilipenda vitabu, kazi ikaniangukia.

Nilianza pale walipoanzia wote, kwenye jina. Katika mji ule jina la baharia ni mchanga wa ufukweni, kila wimbi linaupanga upya. Ukoo wa Bibi ulijulikana kwa jina la Perry. Perry huyo alikuwa Pereira kabla karani hajamwandika. Vivyo hivyo kina Rodrigues wakawa Rogers, kina Rosa wakawa Rose, kina Reis wakawa King. Na hata kabla ya karani wa Marekani, desturi ya Wareno wenyewe haikumbana mtu na jina moja la ukoo: ndugu wa tumbo moja waliweza kubeba majina tofauti, mmoja la baba, mwingine la nyanya, na wasichana wengi waliitwa kwa majina ya ibada kama Maria de Jesus, bila jina la ukoo kabisa. Juu ya hayo, serikali ya Marekani iliandika mahali pa kuzaliwa kwa maneno mawili ya jumla yenye maana ya Visiwa vya Magharibi. Maneno hayo yalitosha kwa Azori yote, visiwa tisa vilivyotawanyika katikati ya Atlantiki. Ukimtafuta Manuel Pereira wa Visiwa vya Magharibi, unawapata kwa makumi, na hakuna mmoja anayekujibu.

Mtu aliyenitoa kwenye mkwamo huo alikuwa mwalimu mstaafu niliyekutana naye Casa da Saudade, tawi la maktaba ya umma ya New Bedford lililofunguliwa 1971 kwa ajili ya wasomaji wa Kireno. Aliniuliza, "Mbona unamtafuta yeye? Yeye alikuwa baharini. Alioa nani?" Nikarudi kwenye bati. Kwenye kadi ya mazishi ya bibi yake Bibi lilikuwamo jina la kanisa: São João Baptista, parokia ya Wareno iliyoanzishwa pale mjini 1871. Tukaomba nakala ya ndoa ya 1885 kutoka kwenye daftari la parokia. Padri, tofauti na karani wa serikali, hakuridhika na Visiwa vya Magharibi. Alikuwa akiandikia watu wa kwao, na alijua kijiji kimoja hakifanani na kingine. Akaandika majina ya wazazi wa bwana arusi, mama kwa baba, na parokia aliyobatizwa. Wala haikuwa Faial. Ilikuwa Pico, kisiwa cha pili yake, chenye mlima wa moto wenye urefu wa mita 2,351, mrefu kuliko yote ya Ureno.

Kumbe Faial ilikuwa bandari tu. Horta, mji wake, ulikuwa kituo cha meli za nyangumi. Meli iliondoka Massachusetts na mabaharia pungufu, ikapiga nanga Horta, ikanunua viazi, vitunguu na kuku, kisha ikajaza nafasi kwa vijana wa visiwani ambao hawakudai mengi. Ukoo mmoja wa Kimarekani, kina Dabney, ulishika ubalozi mdogo wa nchi yao pale kwa vizazi vitatu, kuanzia 1806 hadi 1892, huku ukiendesha biashara ya kuzihudumia meli hizohizo. Kijana wa Pico alipoulizwa New Bedford ametoka wapi, alitaja bandari aliyopandia chombo. Wajukuu wakaichukua bandari wakaifanya kijiji. Nikawakumbuka watu wetu wanaosema asili yao ni Maskati, kumbe Maskati babu alipanda jahazi tu.

Vijana wale walikuwa na sababu za kuondoka. Ukungu wa mizabibu uliingia Pico katika miaka ya 1850 ukaangamiza mvinyo uliokuwa ukikilisha kisiwa. Ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wachache. Na jeshi la mfalme lilihitaji vijana. Aliyetaka kulikwepa hakuomba pasi ya kusafiria. Alishuka pwani usiku, akachukuliwa na mashua ya meli iliyokuwa ikimngojea. Ndiyo maana jina la babu yake Bibi halimo kabisa katika madaftari ya pasi za Horta, ambayo sasa yanasomeka mtandaoni. Mwalimu mstaafu alicheka tuliporudi mikono mitupu. "Mtu aliyetoroka hakuacha sahihi," akasema. Kukosekana kwake kulikuwa habari pia, lakini habari hiyo huielewi mpaka ujue wenzake waliandikwa.

Sasa tukiwa na majina ya wazazi na ya msimamizi wa ndoa, tuligeukia orodha za mabaharia. Tangu 1803 sheria ya Marekani ilimtaka nahodha anayekwenda ng'ambo awasilishe kwa ofisa wa forodha orodha ya watu wake: jina, mahali pa kuzaliwa, makazi, uraia, umri, kimo, rangi ya ngozi na ya nywele. Maktaba na jumba la makumbusho la nyangumi la New Bedford vimehifadhi nyingi kati ya hizo. Katika orodha moja ya 1873 walikuwamo Manuel watatu. Tulimjua wetu kwa jirani yake wa mstari wa chini, ambaye ndiye aliyesimamia ndoa yake miaka kumi na miwili baadaye. Jina lilikataa kumtambulisha, rafiki akamtambulisha.

Lakini orodha hiyo ilitupokonya nahodha. Babu alikuwa baharia wa kawaida. Na vitabu vya mwenye meli vilionyesha kwamba katika safari yake ya kwanza, alipopakiwa Horta mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 19, alikuwa mwanagenzi asiyejua kamba wala tanga.

Wavuvi wa nyangumi hawakulipwa mshahara. Walilipwa fungu la pato la safari, kama majahazi yetu yalivyogawa mapato kati ya chombo, nahodha na mabaharia. Nahodha wa New Bedford aliweza kupata fungu moja katika 12 au 15. Mwanagenzi alipata moja katika 150 hadi 200. Tuseme mafuta na mifupa ya nyangumi vimeuzwa kwa dola 40,000, na fungu la kijana ni moja katika 185. Anapata kama dola 216 kwa kazi ya miaka mitatu. Humo hukatwa bei ya nguo, visu, tumbaku na viatu alivyochukua kwa mkopo kwenye sanduku la nahodha, pamoja na riba. Wako waliorudi na deni. Ukurasa wa babu yake Bibi ulionyesha koti, suruali, blanketi na tumbaku nyingi mno. Mwenye meli hakuwa na haja ya kumkumbuka kijana wa Pico, ila alihitaji kukumbuka anamdai nini, na kwa sababu hiyo akatuhifadhia kimo chake, saini yake ya msalaba na ulevi wake wa tumbaku.

Kuhusu barafu ya 1871, tukio lenyewe ni la kweli. Zaidi ya meli 30 za nyangumi zilinaswa pwani ya kaskazini ya Alaska, watu zaidi ya 1,200 wakaziacha, wakaokoka wote kwa mashua. Ila mwaka ule babu yake Bibi alikuwa Bahari ya Hindi. Mji mzima ulikuwa na hadithi moja kubwa, na kila ukoo ukajikatia kipande.

Nilipomweleza haya, binti yake mkubwa alinuna. Alisema pengine tumemshika mtu mwingine. Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akauliza lile koti lilikuwa la bei gani. Nilipomtajia akasema, "Basi alipunjwa. Hata mama kiwandani walimpunja." Kwa jioni nzima alizungumza juu ya babu yake kwa ukaribu ambao nahodha hakuwahi kuupata kwake. Niliona pale kwamba ukoo unapompandisha cheo mzee wake humweka mbali, na ukweli wa karatasi, hata ukiwa wa dhiki, humrudisha mezani.

Jambo la rangi nalo lilikuwa na funzo lake. Katika orodha ya 1873 ofisa aliandika kwamba ngozi ya kijana huyu ni nyeupe. Katika orodha ya safari ya baadaye, mtu yuleyule, wa kimo kilekile na rafiki yuleyule, ngozi yake imekuwa nyeusinyeusi. Kwenye meza ya jirani pale maktaba alikuwa akisoma mzee ambaye wazazi wake walitoka kisiwa cha Brava, Kabo Verde. Kabla ya uhuru wa 1975 visiwa vile vilikuwa chini ya Ureno, na meli za nyangumi zilichukua mabaharia huko kama zilivyowachukua Azori. Kwenye makaratasi ya Marekani wote waliandikwa Wareno, na mtaani wengine wakahesabiwa weupe na wengine weusi. Nilimwonyesha orodha zangu mbili. Akasema, "Huyu mara ya pili alipimwa baada ya jua la tropiki. Babu yangu mimi walimpima kwa macho mara moja, ikatosha." Hakucheka sana. Karani aliandika alichokiona siku ile, kwa macho aliyozoea kuwapangia watu nafasi zao. Anayesoma rangi katika daftari la zamani anasoma macho ya karani.

Kilichobaki kilikuwa Pico kwenyewe. Kanisa Katoliki lilianza kudai parokia zote ziandike ubatizo na ndoa tangu Mtaguso wa Trento katika karne ya 16, na Ureno haikuwa na uandikishaji wa lazima wa serikali kwa raia wote hadi 1911, mwaka mmoja baada ya ufalme kuanguka. Kwa hiyo kabla ya hapo padri ndiye aliyekuwa serikali ya vizazi na vifo. Madaftari ya Azori yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure. Mwalimu mstaafu alinifundisha kuyasoma. Mwandiko ni wa mizizi ya mkoko, lakini maneno hujirudia: tarehe, mtoto, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, wasimamizi wa ubatizo. Ubatizo mmoja unaweza kukupa watu wanane.

Tulimwona akibatizwa mwaka 1850. Tulipokuwa tukiwatafuta ndugu zake, mwalimu akasita kwenye daftari la ndoa la 1877. Bwana arusi alikuwa yeye, mtoto wa wazazi walewale. Alirudi kisiwani baada ya safari yake ya pili akaoa msichana wa kijiji. Mwaka uliofuata akabatizwa binti, na padri akaandika kwamba baba yuko Marekani. Mwaka 1882 mama wa mtoto huyo akafariki, na mwaka 1885 mjane wake akaoa New Bedford, bibi yake Bibi.

Nilirudi nyumbani na habari hizo kama mtu aliyebeba mayai. Kwetu pwani baharia mwenye mke Lamu na mke Unguja si habari ya kunong'onezana, lakini ukoo huu ulikuwa wa Kikatoliki wa kukaa viti vya mbele. Bibi aliniambia nimletee bati. Akatoa nakala ya serikali ya ndoa ya 1885, aliyoirithi kwa babake, na kuniambia nimsomee mstari kwa mstari. Jimbo la Massachusetts huandika kama ndoa ni ya kwanza au ya pili kwa kila mmoja. Upande wa bibi arusi palikuwa na 1. Upande wa bwana arusi palikuwa na 2. Karatasi ilikaa nyumbani mle kwa zaidi ya miaka mia moja ikisema wazi.

Hakulia wala hakukasirika. Aliuliza, "Yule mtoto aliishi?" Aliishi. Madaftari yalionyesha aliolewa palepale kijijini akazaa watoto saba. Mwalimu aliandika barua kwa ofisi ya parokia, padri wa sasa akaisoma kanisani baada ya misa, na kabla ya Pasaka ikaja bahasha kutoka kwa mwanamke wa makamo, kitukuu wa mtoto aliyeachwa. Huko Pico walikuwa na hadithi yao: kwamba babu mkuu alimezwa na bahari mwaka 1879, na kila mwaka walimwombea pamoja na marehemu wengine wa majini. Hawakujua kwamba alizeeka Marekani akivuta kiko na kutengeneza nyavu. Pande mbili zilimpoteza mtu mmoja, kila upande ukamzika kwa namna yake, mmoja kwa unahodha na mmoja kwa kifo.

Kabla sijaiacha kazi ile nilikwenda kusoma daftari la ile safari yake ya kwanza. Makumbusho ya New Bedford yana madaftari ya safari zaidi ya 2,000, na ndani yake msaidizi wa nahodha aliandika kila siku upepo, mahali, na nyangumi walioonekana. Aliyeuawa alipigiwa muhuri wa umbo la nyangumi pembeni ya ukurasa, na mapipa yake yakahesabiwa. Nilifika ukurasa ambao meli ilipiga nanga Nzwani, Komoro, kuchukua maji, kuni na nazi. Niliacha kusoma nikatazama dirishani. Meli za mji ule zilizijua bandari zetu. Marekani ilitiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, ikaweka balozi wake Unguja 1837, na J. Ross Browne, aliyefika Unguja katika miaka ya 1840 akiwa baharia wa meli ya nyangumi, alichapa kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1846. Kijana wa Pico asiyejua kusoma alinunua nazi kwa watu ambao salamu zao mamangu angeziitikia.

Ukurasa ule ulitaja idadi ya mapipa ya maji. Hakuna aliyeandika jina la aliyeleta nazi, wala la aliyebeba kuni. Kijana wa Pico, maskini wa mwisho melini, alikuwa na ukurasa kwa sababu alidaiwa. Mkomoro aliyelipwa papo hapo hakuwa na ukurasa wowote. Nilitambua kwamba suala la asili halianzi kwenye damu. Linaanza kwenye swali la nani aliona faida ya kukuandika: padri aliyetaka roho, ofisa aliyetaka ushuru, tajiri aliyetaka deni lake, serikali iliyotaka askari. Asiyetakiwa na yeyote kati ya hao anaishi katika vinywa vya jamaa zake tu, na vinywa hupandisha watu vyeo.

Sasa nirudi kwa wangu wanaochanga. Vinasaba si uongo. Vinaweza kumkutanisha mtu na binamu asiyemjua, iwapo binamu huyo naye ametema mate katika kampuni ileile. Kwa watu wa Massachusetts hilo hutokea mara kwa mara, kwa sababu wamepimwa wengi. Watu wa pwani yetu waliopimwa ni wachache, na hifadhi za kampuni hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mjomba atatumiwa ramani yenye rangi juu ya Afrika Mashariki, rangi nyingine juu ya Uarabuni, labda alama ndogo mahali pengine. Jambo hilo tunalijua kwa kumtazama uso. Ramani haitasema babu aliitwa nani, alioa mtaa gani, wala kama aliacha mtoto bandari nyingine.

Hayo yako kwingine, na sehemu kubwa iko karibu. Madaftari ya makadhi wa Mombasa, Lamu na Zanzibar yana ndoa, talaka na mirathi. Hati za wakfu zinataja nyumba, majirani na mashahidi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina mafaili ya mahakama na ya bandari. Kwa aliyefanya kazi katika meli za biashara za Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuna kadi za mabaharia za 1918 hadi 1921, zilizohifadhiwa Southampton, na nyingi zina picha ya uso. Hakuna hata moja ya hizo inayofunguka kwa kusema tu "alikuwa baharia" au "macho yake yalikuwa ya kijivu". Zinafunguka kwa jina la mke, jina la mamake, mtaa, msikiti, shahidi wa ndoa, nahodha wa chombo na mwenye chombo. Mtu aliyekwenda baharini hutafutwa kwa waliobaki pwani, maana ndio waliokaa mahali pamoja hadi wakaandikwa.

Na kwetu waliobaki pwani ni wanawake. Katika ukoo wetu tunaweza kutaja wanaume saba kwenda juu kwa pumzi moja, binu fulani binu fulani. Nimeuliza kundini jina la mke wa babu yetu mkuu, yule baharia. Watu arubaini na zaidi, na hakuna aliyelijua. Shangazi wa macho ya kijivu pekee ndiye aliyejibu kwamba mamake aliwahi kumtaja, na kwamba alikuwa wa Pate, mwenye nyumba karibu na kisima.

Nawaomba jamaa zangu, na yeyote aliye na baharia katika ukoo wake, fedha ya kichupa ingojee. Nendeni kwanza kwa shangazi, kwa bibi, kwa somo, kwa mke wa marehemu. Waulizeni majina ya wanawake, mitaa na mashahidi, na muandike kwa kalamu na tarehe, pamoja na jina la aliyesema. Fungueni mabati na masanduku, msome kila cheti hadi safu ya mwisho. Kichupa kitakuwapo mwaka ujao na miaka kumi ijayo, pengine kwa bei ndogo zaidi. Shangazi yetu ana miaka tisini na moja.